Kete Iliyosogea Bila Waya

Nicheke kwanza, halafu unisikilize. Mimi si mtu wa majini wala mizimu. Nimekulia Morogoro, na hata kule watu wakisema njia fulani ina kitu, mimi nilipita hapohapo. Kazi yangu ilikuwa kompyuta. Siku za kazi nilishinda Sterling, mji wa huku Marekani, kwenye jengo lisilo na madirisha lililojaa mashine, na mwisho wa wiki nilizunguka kwa Watanzania na Wakenya wa Maryland nikiwatengenezea kompyuta zao za nyumbani. Nilikuwa na majivuno, sikufichi. Mtu akiniambia kompyuta yake ina mashetani, nilimjibu ina vumbi. Basi haya niliyaona mchana kweupe, siku ya Jumamosi, na nilikuwa sijaonja kitu isipokuwa maji.

Aliyeniita ni Mama Shiku, Mkenya, nesi, niliyekuwa nikisali naye kanisa moja Takoma Park kabla hajahamia Germantown. Alikuwa akikaa na baba yake, Mzee Njoroge, ambaye yeye binti alimleta Marekani baada ya mama yake kufariki.

"Kaka, hiyo kompyuta ya baba ime-slow mpaka inaniudhi," aliniambia kwa simu. "Anacheza drafti online, na kete moja inachukua nusu saa. Anakaa hapo tangu asubuhi, chakula kinapoa. Huyu ni mtu wa juzi tu ametoka operesheni ya moyo. Kuja uangalie."

Nikaanza kumweleza habari za memori na modemu, kile kifaa cha kuunganisha intaneti. Akanikata kauli. "Nyinyi Watanzania mnaongea tamu mpaka mtu anasahau shida yake. Kuja tu."

Nikapanda treni hadi kituo cha mwisho, kisha basi. Nilimkuta Mama Shiku mlangoni na sare yake, anawahi zamu. Alinishika mkono akaninong'oneza nisimchoshe mzee kwa maswali. Sikulitilia maanani. Nani asiyejua kwamba mgonjwa wa moyo hachoshwi?

Mzee Njoroge alikuwa chumbani kwake juu, mrefu, sweta imefungwa vifungo vyote, macho kwenye skrini.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, marahaba. Hiyo salamu yenu ni tamu, huku kwetu watoto wananiambia hi." Kisha akageuka. "Nani amekuita?"

"Binti yako. Anasema kompyuta iko polepole."

"Mimi sijalalamika. Mimi sina haraka."

Hata hivyo alisogea, akanipa nafasi, na akawa ananieleza. Aliyekuwa akicheza naye ni mdogo wake, Karanja, aliyebaki kwao Nyahururu, Kenya. Hapa ikifika saa sita mchana, kule jioni imeingia, na Karanja huenda saiba, duka la intaneti, hulipia kiti, hufungua meza yao. Walianza kucheza wakiwa wadogo, kwa vifuniko vya soda, na bahari na umri havikuwaachisha. Mzee aliongea kwa upole, lakini mkono wake haukubanduka kwenye kipanya cha kompyuta hata mara moja.

Nikafanya kazi yangu. Kompyuta yenyewe ilikuwa mzee mwenzake, ofisi fulani iliibadilisha wakampa Mama Shiku bure. Nilifungua boksi, feni ilikuwa imevaa vumbi kama blanketi. Nikalipuliza. Nikakuta programu za takataka zinazojiwasha zenyewe, karibu kumi na tano, nikazing'oa. Nikaongeza memori niliyokuja nayo mfukoni. Nikawasha, ikaamka upesi. Nikaingia kwenye mchezo, na meza ya Karanja ikawa polepole vilevile, kana kwamba sijagusa kitu.

Hapo nikaanza kuwashwa. Wewe unajua fundi akishindwa anavyokuwa, hatulii kitini. Nikafungua meza ya pili pembeni, nikacheza na mtu nisiyemjua. Ilikwenda kasi, tena bila kukwama. Nikarudi kwa Karanja: kimya. Dakika kumi, kumi na tano, ndipo kete yake moja ikasogea, taratibu, kama inayosukumwa kwa kidole. Nikajiambia basi tatizo liko upande wa pili, mtandao wa Nyahururu ndio mbovu. Jibu zuri kabisa, na ningeishia hapo ningekuwa nalala vizuri hadi leo.

Mzee akainuka. "Mgeni haondoki kwangu na kinywa kikavu," akasema, akashuka jikoni kupika chai.

Nilipobaki peke yangu nikasogeza kete moja kwa niaba yake, kupima tu. Pale chini kwenye kisanduku cha maandishi yakatokea maneno, herufi moja moja:

*Wewe si kaka.*

Nikacheka. Nikaangalia dirishani, nikaangalia mlango. Angejuaje? Nikajipa moyo kwamba nimecheza vibaya na yeye anamjua ndugu yake. Nikainama nikauchomoa waya wa simu ukutani, maana siku zile intaneti ya nyumba ile ilipita kwenye waya huo, na nilitaka kuona modemu itafanya nini.

Ile meza ya mtu nisiyemjua ikakatika papo hapo, ikaandika kwamba hakuna mawasiliano. Ya Karanja haikukatika. Niamini. Waya niliushika mkononi, ncha yake nikaitazama, na kwenye skrini kete nyeupe ikatoka ilipokuwa ikaenda mbele hatua moja. Kisha maneno:

*Mpishe akae. Tumebakisha kidogo.*

Unadhani nilifanya nini? Nilitoka chumbani hadi kwenye ngazi, nikampigia Mama Shiku kwa simu ya mkononi. Nikamuuliza kwa sauti ya chini, huyu baba mdogo Karanja anatumia saiba gani kule Nyahururu?

Akauliza, "Nani amekutajia hilo jina?"

"Baba yako. Ndiye anayecheza naye."

Nilimsikia akivuta kiti. "Kaka, uncle Karanja alikufa. Tumemzika miezi miwili sasa. Baba alikuwa hospitali, daktari akasema asipande ndege na asishtuliwe, familia ikaamua tumfiche hadi apate nguvu. Mimi nilijua anacheza na wazungu tu huko." Akaanza kulia. "Kuna mtu anamchezea baba yangu. Futa hiyo kitu. Futa yote, kabla hajarudi juu."

Hapa ndipo lilipo kosa langu, na simsingizii mtu. Ningeweza kungoja. Maneno niliyaona kwa macho yangu: walikuwa wamebakisha kidogo. Lakini sisi mafundi wa vitongojini tuna dawa moja tuipendayo kuliko zote. Kompyuta ikikushinda, ifute yote, anza upya. Nilikuwa nimeshawafanyia hivyo watu kadhaa, nikapoteza picha za harusi za watu na bado nikashukuriwa. Na niseme ukweli, nilikuwa naogopa. Nikatia sidii ya kuanzisha kompyuta upya, nikabonyeza, skrini ikawa ya buluu.

Mzee alipanda na vikombe viwili. Akasimama mlangoni.

"Umefanya nini?"

"Naisafisha, mzee. Sasa itakimbia."

Aliweka chai yangu mezani, akakaa kitandani, akaishika yake bila kuinywa. Tulikaa hivyo saa nzima tukitazama namba zikipanda. Iliposhiba programu zake nikarudisha waya ukutani, nikamfungulia mchezo. Ulikuwa unaruka kwa kasi. Akatafuta jina la Karanja kwenye orodha, akashuka hadi chini, akarudi juu, akashuka tena. Kisha akavua miwani.

"Asante, kijana," akasema. Nikaondoka nikiwa nimeacha begi langu la vifaa.

Kwetu mtu haambiwi msiba peke yake. Watu hukusanyika, huleta chakula, huimba kidogo, ndipo mmoja husema. Jumapili iliyofuata tulikwenda Germantown baada ya ibada: mchungaji, kina mama wawili wa kanisa, Mama Shiku, na mimi nyuma yao, nikitafuta pa kuweka mikono yangu. Wimbo ulipoisha mchungaji akakohoa. Mzee Njoroge akainua kiganja.

"Mmechelewa," akasema. "Karanja amekufa. Najua."

Mama Shiku akaangukia magotini pake. "Baba, nani alikuambia?"

"Yeye mwenyewe. Ndugu yangu hakuwahi kufikiria kabla ya kusogeza kete, tangu tukiwa watoto. Alikuwa anacheza kabla hujatoa mkono wako, ndiyo maana nilimshinda miaka yote. Siku alipokaa nusu saa kwa kete moja, nikajua hayupo tena. Nikamuuliza. Hakukataa."

"Sasa mbona hukutuambia?"

"Ningewaambia mngelia, na mngeizima kompyuta. Nyinyi mlikuwa mnanificha kwa sababu mnanipenda, nami nikawaacha mnifiche." Akageuka, akawa ananitazama mimi, bila hasira, na afadhali angekuwa na hasira. "Kaburini sikufika. Udongo sikutia. Ule mchezo ndio nilikuwa namsindikizia. Zilikuwa zimebaki kete tatu, kijana. Tatu tu."

Nililia mbele ya watu siku ile, mimi niliyekuwa nawacheka wenye mashetani.

Nilijaribu kurekebisha, usidhani sikujaribu. Nilikwenda na programu za kurudisha vilivyofutwa, nikakesha juu ya ile diski wiki nzima. Nilipata barua za ofisi ile ya zamani, nikapata picha ya mbwa nisiyemjua. Meza ya Karanja sikuipata. Kila Jumamosi saa sita nilimfungulia mzee mchezo, nikauchomoa waya, tukangoja, na kilichotokea ni kile ambacho kingetokea kwako: mawasiliano yamekatika. Jumamosi ya tatu au ya nne mzee akaniambia basi, uache, mtoe ndugu yangu taabuni. Akafa mwaka uliofuata, usingizini, na Mama Shiku akampeleka akazikwa Nyahururu kando ya mdogo wake. Watu waliniambia sasa watamalizia wenyewe. Huenda. Mimi sikuona, na nisichokiona siku hizi sikisemei wala sikipingi.

Ufundi wa nyumbani niliuacha. Sterling niliendelea kidogo, kisha zile mashine zote zikawa zinanishinda kuzitazama, maana kila taa iliyochelewa kuwaka ilinisimamisha. Sasa naendesha basi. Hata leo skrini ikikwama mbele yangu, ya benki au ya uwanja wa ndege, siwezi kuigonga wala kuizima. Nasimama nangoja, na walio nyuma yangu kwenye foleni wananinung'unikia.

Nakuomba jambo moja. Kama nyumbani mwako kuna mtu mnayemficha msiba kwa kumhurumia, mwambieni leo, akiwa ameshiba na mmemzunguka. Na kama mtu huyo anashinda mbele ya kompyuta inayokwenda polepole na wala halalamiki, usikimbilie kumwita fundi. Vuta kiti, kaa karibu naye, umuulize anacheza na nani, na umwache amalize.