Kamera ya Kumnasa Mtu Hewani

Mwenye duka alirusha funguo zake juu, akasema, "Piga."

Nilibonyeza. Kamera ilifikiri kwanza, kisha ikalia. Tulipotazama kioo chake cha nyuma, funguo zilikuwa zimeshalala kwenye kaunta, zimetoka safi kabisa.

"Megapikseli ishirini," nikasoma kwenye kibandiko.

"Funguo ziko wapi?"

"Kwenye kaunta."

"Basi hiyo ni kamera ya kupiga kaunta."

Alikuwa mzee wa Kihindi, mmoja wa wachache waliobaki Bukoba, na Kihaya chake kilikuwa kizuri kuliko changu. Nilikuwa nimetoka kwetu Nshamba asubuhi na pesa ya mauzo ya kahawa, iliyotosha kamera moja ya bei ya chini. Ningekosea, nisingepata nyingine kabla ya harusi ya ukoo wetu.

Mimi ni mtu wa kuzurura. Niliacha shule darasa la sita kwa sababu nilitaka kujua malori ya ndizi yanakwenda wapi. Nilipojua, nikataka kujua kilicho mbele ya pale. Nimeshona nyavu Mwanza, nimechekecha udongo wa dhahabu Geita, nimeoka mikate mahali ambapo sikujua lugha ya mtu yeyote. Baba alipougua nilirudi kumwona kwa wiki moja. Kabla ya kufa akanitaja mimi, si kaka yangu, kuwa mrithi wa kibanja.

Kwetu kibanja si shamba tu. Migomba ile imezunguka makaburi ya wazee, na aliyetajwa hulala pale, moshi wa jikoni uonekane kila siku. Nilimuuliza shangazi, ninayeishi naye, kwa nini baba alinichagua mimi.

"Mbuzi mtulivu hafungwi kamba," akasema, akaendelea kumenya ndizi.

Huu ni mwaka wa pili. Nimejifunza kutambua kwa mlio kila gari linalokwenda Bukoba.

Kisha mpiga picha mmoja wa mjini, mwenye studio yake, akaniambia anatafuta msaidizi. Kazi ni ya kila siku, na kuna chumba Hamugembe. Nilimwonyesha picha za simu yangu, za mtu akijigamba kwenye sherehe. Mkuki ulikuwa na mikia mitatu na mtu hakuwa na uso. "Niletee moja tu iliyotulia," akasema. "Mtu yuko hewani, miguu haijagusa chini. Ukiipata, njoo."

Majigambo hayo tunayaita kwebuga. Mwanamume huchomoka na mkuki mbele ya wageni, akajisifu yeye na ukoo wake, akaruka, akamaliza. Ni kufumba na kufumbua, na mtu haombwi kurudia. Baba mdogo alikuwa anamwoza mwanawe huko Kanazi, na wote tulijua atajigamba.

Mzee wa duka alitoa kamera ya pili, iliyotumika, nzito, rangi imebanduka kwenye kona. Megapikseli kumi tu, lakini ilikuwa na tundu la kuchungulia. Akarusha funguo. Zikaonekana zimesimama hewani, hata meno ya ule mdogo ungeyahesabu. Nikauliza imewezaje. Akasema unaiambia ifumbue jicho kwa sehemu moja ya mia tano ya sekunde, na ukishikilia kitufe hupiga mfululizo. Nikauliza mwanga unatosha vipi kwa muda mdogo hivyo. Nikauliza na mengine, mpaka akaagiza chai.

"Wewe, waitu," akasema kwa Kihaya, yaani mwenzetu, "ungesoma ungewasumbua sana walimu."

"Niliwasumbua, mzee. Wiki niliyoacha walipumzika."

Akacheka, akanifungia ile nzito. "Betri imezeeka kama mimi. Usiiwashe mpaka mtu asimame."

Nyumbani nilifanya mazoezi kwa kuku. Shangazi aliwarushia mtama, mimi nikilala kifudifudi uani. "Magugu yanafika kiunoni," alimwambia jirani, "na mwenye kibanja anapiga kuku picha za pasipoti."

Siku ya harusi Kanazi nilikaa mbele, kamera imezimwa. Baba mdogo aliposimama na mkuki, nikaiwasha. Alianza kwa hatua fupi za haraka, akautaja ukoo, akamtaja baba yake, akamtaja kaka yake aliyelala Nshamba, baba yangu. Wanawake walipiga vigelegele. Ghafla akageuka, akanijia moja kwa moja, akaruka, ncha ya mkuki imenielekea mimi.

"Mimi ni mdogo wa mtu ambaye moto wake hauzimiki," akasema. "Mwenye kuukoka huyu hapa. Huyu haendi popote."

Watu wakaitikia. Kidole changu kilikuwa bado kwenye kitufe.

Zilitoka picha saba. Katika ya nne miguu yote miwili iko juu, vumbi limebaki chini peke yake, mdomo uko wazi kwenye neno la mwisho.

Mwenye studio aliitazama muda mrefu. "Jumatatu," akasema. "Chumba nitakuonyesha." Nikamwambia nitamjibu.

Baba mdogo naye alitaka nakala kubwa. Jumapili akaja nayo Nshamba, tayari imetiwa fremu. Hakuitaka ikae kwake. Aliitaka sebuleni kwetu, kando ya picha ya baba.

"Panda wewe, waitu," akaniambia. "Mimi magoti."

Nikapanda kigoda. Shangazi akanipa msumari, kisha nyundo.

"Inyooshe kidogo," akasema. "Imeelemea mlangoni."

Nikainyoosha.

Jumatatu asubuhi gari la Bukoba lilipiga honi barabarani. Nilikuwa napogoa majani makavu ya mgomba, kisu kimejaa utomvu. Nilisubiri mpaka mlio wake ukaisha upande wa pili wa kilima, nikahamia shina linalofuata.