Mikwaruzo ya Dola ya Mama

Mama yangu hamwamini mtu, na mimi nimemrithi. Kwa hiyo alipouchukua mkufu wake pale sebuleni kwake Sib, huku Omani, akausogeza dirishani na kuugeuza mara mbili, nilijua leo ninalo.

"Dola hii si yangu," akasema.

Katikati ya mkufu huo ipo dola kubwa ya fedha ya Kimarekani, ya zamani hasa, yenye mwanamke wa nywele ndefu upande mmoja na ndege upande wa pili. Ilifika Unguja, walikotoka wazee wetu, na wafanyabiashara walioleta vitambaa vya merikani. Kwetu kila bibi harusi huvaa mkufu huo siku ya hina, na anayemvisha ni mkubwa wa wanawake wa ukoo. Safari hii zamu ilikuwa ya binti yangu, wiki hiyo hiyo. Mimi ndiye niliyeupeleka kwa sonara kusafishwa, maana moshi wa udi ulikuwa umeufanya mweusi kama sufuria ya kuni, tangu kabla Mama mwenyewe hajaolewa. Ulirudi mweupe, na usoni pa yule mwanamke ikaonekana mikwaruzo ya tupa, wazi kabisa.

"Ama kaikwangua fedha yake, ama kakubadilishia," Mama akasema. Kisha akanitazama mimi. "Au mmeelewana."

"Mama, mimi nikuibie wewe?"

"Sijasema hivyo. Nnasema simvishi mtoto kitu nisichokijua."

Niliumia, sifichi. Ningekubali aniite mzembe, lakini mwizi? Tena binti yangu angekaa siku ya hina shingo tupu, na watu wangeuliza kwa nini.

Nikarudi kwa sonara, mori umenipanda. Akaapa kwamba ametumia ndimu na brashi tu, tupa hakuigusa. Ati nimwamini kwa sababu ameapa. Nikauchukua mkufu nikaenda zangu soko la Matrah, kwa mzee mmoja anayeuza sarafu za kale. Akatia lenzi jichoni, akaigeuza dola mara kadhaa, akacheka.

Akanieleza. Wamarekani walipoanza kupiga sarafu zao, fedha iliyeyushwa pamoja na shaba kidogo, ikabanwa hadi ikawa bapa, ikakatwa vipande vya duara. Kila kipande kilipimwa kwenye mizani, kwa kuwa dola ilikuwa fedha yenyewe, na thamani yake ni uzito wake. Kilichopungua kilirudishwa motoni. Kilichozidi, mfanyakazi alikikwangua kwa tupa mpaka kikae sawa. Ndipo kikatiwa kwenye mashine ya parafujo, wanaume wakauvuta mtaimbo wake kwa nguvu za mikono, na sura ikapigwa juu ya mikwaruzo. Pale ambapo pigo halikukolea, mikwaruzo ilibaki.

Nikamshuku na yeye. Hakuniuliza kama nauza, wala hakutaja bei, na hilo ndilo lililonitia wasiwasi zaidi. Mfanyabiashara gani huyo? Nikakaa garini, kiyoyozi kinavuma, nikapekua kwenye simu mpaka nikaona picha za dola nyingine za aina ile, zimekwaruzwa vile vile. Maneno yake yalikuwa ya kweli.

Nikarudi Sib nikamweleza Mama yote. "Pitisha ukucha," nikamwambia. Mikwaruzo mipya ingekuwa na makali. Hii ilikuwa imelala, imebanwa pamoja na sura. Akapitisha ukucha, akarudia, akausogeza tena mkufu dirishani.

"Na huo unga wa fedha uliokwanguliwa, nani aliuchukua?"

"Waliuzoa wakauyeyusha tena, Mama."

"Wamesema wenyewe?"

"Wenyewe."

Akaguna. Lakini akasema, "Haya, ni yangu. Mtoto nitamvisha." Moyo wangu ukatulia. Nikadhani yamekwisha.

Siku ya hina sebule ilijaa shangazi na majirani. Binti yangu, katika nguo zake za kijani, aliinamisha shingo. Mama akauzungusha mkufu shingoni, lakini ndoana ya kuufungia ikamshinda. Nikainuka, nikanyoosha mkono nimsaidie. Akauvuta mkufu kifuani kwake.

"Wewe kaa pale nikuone," akasema, mbele ya watu wote. Nikakaa.