Tairi jipya la Hmad lapita mtihani wa Rqia

Saa kumi na moja alfajiri, Hmad Outaleb amepiga goti uani kwake mjini Tata, kusini mwa Morocco. Anapitisha kiganja katikati ya tairi la nyuma la pikipiki yake, kisha pembeni, kisha katikati tena.

"Mimi hujawahi kunipapasa hivyo," anasema mkewe, Rqia, akimletea chai.

"Wewe huliwi na lami, bibie."

Rqia hacheki. Safari ya leo ameiruhusu yeye, na ameruhusu moja tu. Hmad akirudi mzima, ataendelea na kazi. Tairi likimwangusha tena, pikipiki inauzwa.

Hmad, mwenye umri wa miaka 48, husafirisha vifurushi kati ya Tata na Agadir, mji wa pwani: dawa, nyaraka, kaftani za maharusi. Kila safari, akishatoa mafuta, hubakiwa na dirhamu kama mia tatu. Kazi nyingine haijui.

Kilichomponza ni cha bure. Kila majira ya baridi watalii huja na pikipiki kubwa kuchezea mchangani, na wakiondoka huacha hotelini matairi yaliyotumika nusu. Wenyeji, vijana kwa wazee, huyagombea kama nyama ya sikukuu. Mwaka jana Hmad alipata moja la meno makubwa, akalifunga, akazunguka nalo mjini kutwa nzima.

"Kusema kweli nilipendeza," anasema. "Watu walikuwa wanasimama kuniangalia."

Lakini lile lilikuwa tairi la mchanga. Juu ya lami ya kiangazi lilipata moto, likalika katikati mpaka likawa bapa, na kwenye kona za mlimani meno yakaanza kumeguka. Hmad alitupwa kando ya barabara, akavunjika mtulinga. Miezi mitatu alilala ndani, na nyumba ikala kwa mazulia anayofuma Rqia.

Alipopona alikwenda kwa Idder, fundi tairi na rafiki yake wa utotoni. Pole hakupewa.

"Nilimwambia, wewe umevaa buti za shambani kwenda kucheza harusini, halafu unashangaa kuanguka?" anasimulia Idder. "Nikamuuliza, njia yako ikoje? Akasema lami karibu yote, changarawe kidogo tu. Basi nunua tairi ya njia yako, bwana, si ya kupigia picha!"

Akamchagulia lenye mifereji ya kina cha wastani, mpira mgumu katikati panapolika zaidi, na laini kidogo pembeni panaposhika kona. Akamwonya pia: upepo ukipunguzwa kwa ajili ya changarawe, urudishwe kabla ya kugusa lami. Rqia ndiye aliyelilipia, kwa zulia zima.

Jua halijachomoza Hmad anaondoka.

Kesho yake adhana ya alasiri inapita, saa ambayo kwa kawaida huwa amesharudi kutoka Agadir. Simu yake haipatikani. Rqia anapanda darini, anashuka, anapanda tena, na mkate umemuungulia tanurini.

"Mjinga ni mimi," anasema. "Ningeliuza lile dude alipokuwa kitandani, hana mkono wa kunizuia."

Karibu na magharibi mlio unasikika mtaani. Hmad anaingia, vumbi hadi kwenye nyusi.

"Ulikuwa wapi wewe?"

"Changarawe ilipoisha nilisimama kujaza upepo, pampu ikanigomea. Nikakomaa nayo, nikasema bora nichelewe nigombezwe kuliko kugusa lami na upepo mdogo."

Rqia anamshika bega moja, kisha la pili. Ndipo anapoinama kulitazama tairi. Halina palipomeguka, na katikati bado lina mviringo wake. Anakaa chini palepale uani na kulia, huku akisema alhamdulillahi. Hata sisi waandishi tuliokuwa tukisubiri naye tulijikuta tunafuta macho.

Hmad anasema mipango yake ni midogo: safari mbili kwa wiki, na kufikia Ramadhani awe ameweka tairi la mbele linalolingana na la nyuma.

"Alhamisi unaenda?" anauliza Rqia, ambaye tangu ile ajali hajakubali hata kuifuta vumbi pikipiki hiyo.

"Ukiniruhusu."

"Funga mto hapo nyuma. Umenisimulia bahari miaka yote, na mimi sijaiona."