Siku Mama Rosa alipopata watani Mazingara

Wakuu wa humu, wakubwa kwa wadogo, heshima yenu. Haya ninayoandika nimeyaona kwa macho yangu, na waliokuwepo wapo Mazingara hadi leo. Shule niliishia darasa la tatu, mkikuta herufi imekaa vibaya, rukeni.

Mzee Anselmo na mkewe Mama Rosa walihamia kwetu kutoka mashamba ya mkonge ya Korogwe, kazi ilipoisha. Kwao hasa Msumbiji. Mama alikuwa na chale usoni.

Watu waliwaita Wamawia, na halikuwa jina la mapenzi. Watoto wakiziona zile chale, mbio ndani. Kisimani mama anachota wa mwisho.

(Kisima chenyewe kilishafukiwa. Sasa tuna bomba, linatoa maji likijisikia.)

Miaka ikaenda. Hakuna kikao kilichokaa kusema sasa tuwapende. Ni mama tu, kila asubuhi anapita na jembe begani anagombeza: wewe mahindi yako yamezidiwa na magugu, wewe huyo mtoto hajala. Tukazoea kugombezwa.

Mwaka huu akafariki.

Sasa kwetu Wazigua, msiba bila watani una upungufu. Watani ndio wanaozuia jeneza, wanamwigiza marehemu, wafiwa wapumue kidogo. Anselmo alilijua hilo. Tumekaa mkekani, akaniambia taratibu, "Mzigua, mke wangu atatoka kimya kama mpita njia. Mimi hapa sina mtani."

 

Jeneza linainuliwa, mlangoni zogo. Dada yangu Mwanaidi kavaa gauni la marehemu, jembe lake mkononi, kalala kizingitini.

"Hatoki mtu hapa. Nani atanigombeza mimi? Nyie Wamawia mna roho mbaya, mnatuzoesha halafu mnaondoka."

Jirani mmoja akadakia, "Hata kulala hujui. Mama Rosa angeshakuamsha ukalime."

Mwanaidi akainuka, akapita mbele ya watu kwa mwendo ule ule wa mama, anagombeza mmoja mmoja. Akafika kwa imamu wetu. "Na wewe, kanzu ina doa, unaswalisha hivyo hivyo?" Imamu akaangalia kanzu, akacheka.

Anselmo alicheka mpaka akashika ukuta. Kisha akalia, kile kilio alichokuwa amekibana tangu asubuhi. Akampa Mwanaidi jogoo, ndiyo ada ya watani, jeneza likapita.

Nilichojifunza, wakuu: mgeni unaweza kumpa shamba, ukampa na maji, bado akabaki mgeni. Siku mnapothubutu kumtania akiwa na msiba, huyo ni wenu, hana tena kwa kurudishwa.

Huko kwenu waliotoka mbali mliwapokeaje, na leo mnaishi nao vipi? Andikeni. Nitasoma zote, miwani ninayo.