Mzee wa Apu

Mtaani walimwita Mzee wa Apu, ingawa alikuwa hajafikisha miaka thelathini na ndevu zake zilikuwa za kutafuta kwa tochi. Jina lilikuwa la kejeli. Alikuwa ametengeneza programu ya simu ya mafundi cherehani: fundi anaingiza vipimo vya mteja mara moja, bega, kiuno, urefu wa mkono, na havipotei tena kama vile vinavyoandikwa kwenye kipande cha gazeti kisha vikafagiliwa pamoja na vitambaa.

Wazo lilikuwa zuri, tusimnyime haki yake. Lakini wazo haliinjikwi jikoni. Alipoiuza kwa bei ya vocha ndogo kabisa, mafundi waliisifu, wakamwombea baraka, na hakuna aliyenunua. Alipoitoa bure, wakaichukua wote. Basi akaweka matangazo ndani yake. Mtu akibonyeza tangazo, kampuni ya matangazo inamhesabia mwenye programu senti kadhaa, na senti hizo hazitumwi mpaka zifikie kiwango ilichoweka. Kampuni yenyewe ilikuwa mbali, haina mlango wa kubisha wala karani wa kugombana naye.

Mkewe alivumilia mpaka akachoka kuambiwa kwamba mvumilivu hula mbivu. Asubuhi moja alimbeba mtoto akarudi kwao.

"Sikuachi," alimwambia mlangoni. "Nitarudi siku hiyo simu yako itakapolipa. Hata kidogo tu, nijue kwamba ni kazi, si ugonjwa."

Mzee wa Apu akabaki na mama yake, fundi cherehani mwenyewe, aliyeshona barazani pamoja na wenzake watatu. Mama aliiona nyumba bila mjukuu kwa siku kadhaa. Kisha akauliza, "Hivi mwanangu, hiyo apu inakulipaje?"

"Watu wakibonyeza matangazo, mama."

"Kumbe! Na mimi nayafukuza kama nzi!"

Mwanawe alicheka, akachukua ndoo akaenda kuteka maji. Hapo ndipo alipoteleza. Masharti ya kampuni aliyajua: anayebonyeza awe amevutiwa na bidhaa kweli, na mwenye programu na watu wake wasibonyeze kabisa. Ilikuwa sentensi moja tu ya kumwambia mama, naye hakuisema, kwa sababu nani angedhani mwanamke asiyejibu hata ujumbe wa simu angeanza kubonyeza?

Mama alikwenda kwa wenzake. "Jamani, mkamwana wangu yuko kwao kwa ajili ya uvivu wa vidole vyetu."

Hakuhitaji kusema zaidi. Mtoto wa mwenzio ni wako. Wakabonyeza kati ya mshono na mshono, wakabonyeza wakisubiri pasi ipate moto, wakawatumia habari mafundi wa mitaa mingine, nao wakabonyeza. Matangazo ya matairi, ya mikopo, ya dawa za upara, hawakubagua.

Yeye aliona hesabu ikipanda na akadhani nyota yake imewaka. Angepaswa kujiuliza, lakini mtu aliyelala na njaa haulizi chakula kimetoka wapi. Alimpigia mkewe. "Mwezi huu inalipa."

"Kweli?"

"Kweli kabisa."

Mkewe alicheka, kile kicheko cha zamani, na yeye moyo ukamjaa hadi akashindwa kuaga.

Ujumbe wa kampuni uliingia akiwa kwa kinyozi, nusu ya kichwa imenyolewa. Akaunti imefungwa moja kwa moja kwa sababu ya mibonyezo isiyo halali. Fedha zote zimerudishwa kwa wenye matangazo. Haruhusiwi kufungua nyingine. Alituma ombi la kusamehewa, na kabla kinyozi hajamaliza upande wa pili jibu likarudi, ujumbe ule ule, neno kwa neno. Alirudi nyumbani mbiombio akijiuliza ni adui gani aliyemfanyia hivi.

Barazani cherehani zilikuwa kimya. Wanawake wanne walikuwa wameshika simu, wanashangilia.

"Mzee wa Apu!" alisema mmoja. "Kidole changu kimeota sugu. Utanilipia daktari!"

Akaelewa. Hasira zilimpanda, zikakosa pa kutua. Angemgombeza nani? Alitaka kukaa chini palepale alie.

Mama alimwonyesha simu yake. Palipokuwa na tangazo, pamebaki peupe.

"Mwanangu, tumeyamaliza! Tangu asubuhi halitokei hata moja. Tumeyabonyeza yote mpaka yameisha!" Macho yake yalikuwa mekundu kwa uchovu, na uso wote unacheka. "Nimeshampigia mkamwana. Yuko njiani na mtoto. Si ndiyo? Si tumeyamaliza?"

Wote wanne walimtazama, wakingoja kusifiwa.

"Ndiyo, mama," alisema. "Mmeyamaliza."