Mninga wa baba si wa hapa Mapera

Leo nimepewa pole, nami nikacheka mpaka machozi.

Mtaalamu wa misitu aliyechukua majani ya mninga wetu amerudi na majibu ya vinasaba.
"Pole, mama. Mti wenu si wa huku milimani. Ni wa ukoo wa mininga ya Chiwanda, kule ziwani. Sisi tunatafuta mbegu za miti ya asili ya huku tu, kwa hiyo hatuwezi kuchukua zake."

Marehemu baba alisema mbegu yake aliitoa Chiwanda, akaileta ndani ya soksi. Miaka yote baba mdogo alimbishia: "Kaka, uliiokota hapo nyuma ya parokia."

Nimempigia baba mdogo papo hapo. Nimemweleza majibu, naye kasema:
"Basi Jumapili nitaenda kaburini kumwomba radhi. Ila wewe usitangaze."

Baba mdogo, nisamehe. Watu wameshasoma.