Sifuri Mbele ya Baba Mkwe

Hivi wewe ungemwambia baba mkwe wako kwamba unatamani kufa? Juzi, kwenye zahanati moja huku Segese, nesi alimsomea dodoso la sonona mjane ambaye mumewe alifukiwa duarani, yaani shimoni mwa wachimbaji wadogo wa dhahabu. Mama huyo anajua Kisukuma tu, si Kiswahili, kwa hiyo mkalimani akawa baba mkwe.

“Muulize, amewahi kuwaza bora afe?”

Mzee hakumtazama hata mkwewe, wala hakumuuliza. “Mhola duhu, salama tu. Andika hapana, mwanangu. Huyu analima vizuri.”

Mjane alizidi kuchomoa nyuzi za kitenge chake. Nesi akajumlisha alama za dodoso, akapata sifuri. “Yuko fresh, mzee.”

Sorry, hicho si kipimo. Wakubwa wa afya, wahitimu wa saikolojia tunaojua Kisukuma tumejaa vijiweni. Tuajirini, na huyo mama aulizwe upya wiki hii, baba mkwe akiwa nje.